Moto wa Kibo, Njaa ya Mawenzi: Uhakiki wa Ngano ya Mlima Kilimanjaro

Ngano ya Kibo na Mawenzi si ngeni kwa mwalimu wa Kiswahili. Ni fupi, yasimulika kwa dakika tano, wahusika wake ni wawili tu, na ushahidi wake umesimama wazi mbele ya macho ya kila apitaye Moshi: kilele kimoja kimeviringana na kuvikwa weupe, cha pili kimechongokachongoka kama meno ya mkongwe. Kwa sababu hizo imekuwa kipenzi cha wasomeshaji, na pia cha waongozaji wa wageni, ambao huwapandisha mlimani watu makumi ya maelfu kila mwaka. Lakini kipenzi naye huchakaa kwa kushikwa na mikono mingi. Katika makala haya twapenda kuitazama ngano hii kama kazi ya fasihi, na kuuliza imepoteza nini katika safari yake kutoka jikoni kwa Wachaga hadi ubaoni mwetu hapa Gasenyi, Bujumbura. Twakiri mapema kwamba sehemu ya hasara hiyo tuliifanya sisi wenyewe.

Tuikumbuke kwanza hadithi. Mawenzi alizimikiwa na moto. Akaenda kwa jirani yake Kibo kuomba kaa, akamkuta anatwanga ndizi kavu kinuni. Desturi haimruhusu mwenye nyumba kumwacha mgeni aangalie chakula kwa macho tu, basi Kibo akampa moto, na ndizi akampa. Mawenzi akala, akaziona tamu. Alipofika njiani akautupa moto, akarudi: "Ndugu yangu, kaa limezimika." Akapewa tena moto, akapewa tena ndizi. Akautupa tena. Aliporudi mara ya tatu Kibo hakusema neno. Aliunyanyua mchi aliokuwa akitwangia, akampiga nao kichwani, akampiga, akampiga. Na makovu ya kipigo hicho ndiyo yale mabonde na meno tunayoyaona juu ya Mawenzi hata leo.

Kwa wengine wawili hawa ni ndugu, kwa wengine ni mume na mke, na kwa wengine ni majirani tu. Mbadiliko huo si kasoro, kwani ngano simulizi haina nakala moja iliyofungiwa kabatini. La muhimu ni kwamba nguzo tatu hazibadiliki katika masimulizi yaliyo bora: moto, chakula na mchi. Ukiiondoa nguzo mojawapo, nyumba yaanguka.

Tazama mchi. Fanani angeweza kumpa Kibo mkuki, rungu, au radi, kwa kuwa yeye ni mlima na wala si mtu wa kawaida. Hakufanya hivyo. Alimpa chombo kilichokuwa tayari mkononi mwake, chombo cha jikoni, kilekile kilichotengeneza chakula alichokuwa akigawa. Ukarimu na kipigo vimetoka katika kifaa kimoja. Hapa hapana maelezo, hapana tafsiri, bali kitu kimoja kimewekwa mbele yetu nasi tumeachiwa tukitazame. Mwandishi wa riwaya angehitaji kurasa nyingi kuonyesha jinsi mkono utoao unavyoweza kuwa ndio mkono upigao.

Lipo na jambo la pili, ambalo mgeni haliwezi kumdhihirikia upesi. Kwa Wachaga wa zamani Kibo hakikuwa kilele cha kufanyiwa mzaha. Charles Dundas, aliyeandika kitabu juu ya Kilimanjaro na watu wake mwaka 1924, aeleza kwamba upande uelekeao Kibo ulikuwa upande wa heshima, na kwamba wafu walizikwa nyuso zao zikielekezwa huko. Sasa chukua kilele hicho chenye utukufu wote huo, ukiketishe mbele ya kinu, ukitwangishe ndizi, kisha ukipandishe hasira kwa sababu ya jirani mdoezi. Watu waliokuwa wakikitukuza Kibo ndio hao hao waliokicheka. Twaamini mwanafunzi asiyeambiwa habari za heshima hiyo huusikia mzaha nusu tu.

Na sasa habari ya makosa yetu. Kwa miaka kadhaa tuliifundisha ngano hii kwa muhtasari wa mistari kumi tulioutunga wenyewe. Tuliufupisha kwa nia njema, kwa kuwa vitabu ni vichache, darasa ni kubwa, na chaki nayo huisha. Katika kufupisha tuliziondoa ndizi. Ilikuwa rahisi mno: Mawenzi mvivu asiyeweza kutunza moto wake aliomba mara tatu, Kibo akachoka, akampiga. Chini tukaandika kwa herufi kubwa: FUNZO, na mbele yake maneno machache juu ya uvivu. Wanafunzi walinakili, wakakariri, wakajibu mtihani, wakapata alama. Neno "mvivu" halimo katika ngano. Tulilitia sisi, maana tulipokwisha kuzitoa ndizi Mawenzi hakuwa tena na sababu ya kurudi, na sababu ikabidi itafutwe.

Tuligundua hayo kwa bahati. Tulipopita Moshi kwa shughuli nyingine, mlima ulijificha mawinguni siku mbili, ukajitokeza alfajiri ya siku ya tatu. Kijana mmoja mwongozaji wa wageni alitusimulia habari za Mawenzi kwa namna yake: majitu mawili yavutao kiko, kiko cha mmoja kikazimika. Ni masimulizi ya kuchekesha, yamekatwa kwa kipimo cha mtu aliyevaa viatu vizito na anayetweta, hatuwezi kuyalaumu. Lakini mama aliyetuuzia chakula alikuwa amesikiliza, akatikisa kichwa. "Kiko gani, mwanangu? Ni ndizi!" Akaisimulia upya huku akimenya, na tukaona aibu, kwa kuwa tuliifahamu ngano hiyo tangu ujana wetu na tulikuwa tumeisahau kwa kuifundisha.

Tuliporudi Gasenyi tuliisimulia nzima, bila kuandika lolote ubaoni. Sisi wa hapa milima tuionayo ni ile ya Kongo, ng'ambo ya bonde la Rusizi, na nyuma yetu miinuko ya Mumirwa. Na mlima unaopandwa na watu wa mji huu siku za mapumziko ni Heha, mrefu kuliko yote nchini, ambao mita zake zipatazo 2,684 hazifikii nusu ya zile 5,895 za Kibo. Kwa hiyo tulichora vilele viwili, tukasimulia. Kisha, kwa mazoea, tukauliza: "Hadithi yatufunza nini?"

Darasa likanyamaza. Halafu msichana mmoja, ambaye utoto wake mwingi aliupitisha kambini upande wa Kigoma na ambaye Kiswahili chake ni safi kuliko cha wenzake kwa sababu hiyo hiyo, akasema: "Mwalimu, huyu hakuja kuomba moto. Alikuwa na njaa, akaona haya."

Kijana wa nyuma akampinga: "Kama ana njaa, mbona autupe moto? Sasa atapikia nini?"

Naye akajibu: "Na angepika nini?"

Tumeisoma ngano hii miaka mingi na tumeisikiliza kwa wajuzi, wala hatujapata kusikia uhakiki mfupi wenye uzito kama huo. Katika maneno matatu mwanafunzi huyo aliiweka upya ngano nzima. Kuomba moto si aibu. Hapa Burundi bibi zetu walikuwa na kitenzi chake maalumu, kurahura, yaani kwenda kuchukua moto kwa jirani. Kitendo kilichokuwa cha kila siku hata kikapewa neno lake peke yake. Kuomba chakula ni jambo jingine kabisa. Mtu mzima mwenye nyumba yake haendi mlangoni kwa mwenzake akasema, "Nina njaa." Huenda akasema moto umezimika, akasimama hapo muda wa kutosha kinu kionekane. Na mwenye nyumba, naye ni mtu wa desturi, hujifanya haelewi. Humpa moto alioombwa, na chakula humpa kana kwamba ni nyongeza tu.

Ukiisoma hivyo, marudio ya mara tatu, ambayo sisi walimu huyataja haraka kuwa "sifa ya ngano" na kupita, yapata maana. Mara ya kwanza desturi inafanya kazi yake barabara. Mara ya pili inafanya kazi, ila wote wawili wajua. Mara ya tatu hapana tena anayeweza kujifanya, siri imekwisha, na kinachobaki mkononi ni mchi. Kibo hakukasirishwa na ndizi tatu au nne. Alikasirishwa, tunadhani, na kulazimishwa kuijua njaa ya mwenzake. Ngano haisemi hivyo. Haisemi kinyume chake pia. Kwa ajili ya kimya hicho twaihesabu miongoni mwa ngano za usuli zilizo bora katika Afrika Mashariki, kwani nyingi za aina yake humaliza kazi mara tu zinapoeleza kwa nini sungura ana masikio marefu.

Mwenzetu mmoja, mwalimu mkongwe na mchambuzi mkali, tulipomweleza haya alitikisa kidole. Alisema tumegeuza uongo kuwa huruma. Kwamba Mawenzi alidanganya mara mbili waziwazi, na mtoto atakayefundishwa kumwonea huruma mwongo atakuwa mwongo. Pingamizi lake tunalipa haki yake. Ni kweli Mawenzi ni mwongo, na usomaji wowote unaouficha uongo huo utakuwa umeondoa nguzo kama sisi tulivyoziondoa ndizi. Twakubaliana naye pia katika jambo ambalo hakulisema: ngano hii ni ya kuchekesha, na mama yule wa Moshi alicheka alipofika kwenye kipigo. Tusije tukauvua utepe wa FUNZO la uvivu tukaufunga utepe wa FUNZO la njaa, tukaiacha hadithi imefungwa vilevile.

Lakini hatukubaliani naye katika kuitaka ngano itoe hukumu. Katika nchi yetu, habari za majirani wawili au ndugu wawili, mmoja akishika chombo cha nyumbani na kumpiga mwenzake, si mchezo wa maneno. Wazazi wa wanafunzi wetu walikuwa watoto mwaka 1993, na babu zao wanaukumbuka mwaka 1972. Tukiwaandikia watoto hao ubaoni kwamba aliyepigwa alistahili kwa kuwa alikuwa mvivu, twawafundisha nini? Hatukuwahi kujiuliza. Tulikuwa tukisahihisha ngeli za nomino.

Kuhusu masimulizi mengine yanayouzunguka mlima huu hatutakawia sana. Ile hadithi kwamba Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake wa Ujerumani mlima, na ndiyo sababu mpaka umepinda, haina msingi. Mpaka ulitokana na mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886, na upindaji wake una sababu za kawaida za wagawanao mali isiyo yao. Chui aliyekutwa ameganda karibu na ukingo wa kasoko, ambaye mchungaji Richard Reusch alimwona mwaka 1926 na ambaye Ernest Hemingway alimtia katika hadithi yake ya mwaka 1936, ni mnyama wa kweli, lakini umaarufu wake ni wa vitabu vya wageni. Sisi hatuna ugomvi naye.

Simulizi moja, hata hivyo, ni ya lugha yetu, na ni ajabu kwamba haimo katika masomo yetu. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akiongozwa na Bwana Kheri wa Mombasa, aliona weupe juu ya mlima, akamwuliza mwongozaji wake ni kitu gani. Akajibiwa: ni baridi. Wanajiografia wa Ulaya walibishana kwa miaka, na William Desborough Cooley akiwa London alikana kabisa kwamba theluji yaweza kuwapo karibu na ikweta. Sisi twapenda kusimama kwenye jibu. Mswahili yule hakuwa na jina la kitu asichokijua, basi akakitaja kwa athari yake mwilini. Neno theluji tumelipata kwa Waarabu. Barafu ni la Kiajemi, na huko kwao maana yake ni theluji hasa, wala si yale mabonge tunayotia katika maji ya matunda. Leo iko kambi mlimani, zaidi ya mita 4,600, iitwayo Barafu. Mwalimu atakaye kufundisha jinsi lugha ikopavyo na jinsi ijitegemeavyo hana haja ya kutafuta mfano mwingine: theluji, barafu, na kati yao lile jibu la baridi.

Rebmann aliandika pia aliyoyasikia juu ya Rengwa, mtawala wa Machame, aliyewatuma watu wake wapande wakakilete kile kitu cheupe, kwa kudhani huenda ni fedha. Alirudi mmoja, Sabaya, mikono na miguu yake imeharibiwa na ubaridi, na watu wakasema ni kazi ya mashetani. Iweke simulizi hiyo kando ya ngano yetu. Huko juu pana kitu, watu wanakitaka, wanakiitia jina lingine, na wanaokwenda kukichukua wanarudi wamevunjika. Hatudai kwamba moja imezaa nyingine. Twasema tu kwamba zasomeka vizuri pamoja.

Majina ya vilele nayo yameshika habari hiyo hiyo. Kibo, kwa Kichaga Kipoo, hufasiriwa kuwa "chenye madoa", kwa ajili ya miamba inayoonekana katikati ya weupe. Mawenzi, au Kimawenze, ni "kilichovunjika". Wanyarwanda, majirani zetu, wamefanya jambo linalofanana kwa Karisimbi, ambao jina lake huhusishwa na isimbi, ule ukombe mweupe. Hakuna aliyesubiri aletewe neno la theluji ndipo auone mlima. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba takribani asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo Kibo mwaka 1912 ilikuwa imekwisha kupotea. Madoa yanahama: zamani yalikuwa jiwe katika weupe, sasa weupe ndio umekuwa doa katika jiwe. Jina limebaki na ukweli wake, ila umegeuka.

Wanajiolojia nao hutuambia kwamba Mawenzi ni volkano iliyokufa, na kwamba ndani ya kasoko la Kibo hewa ya kiberiti bado yafuka. Aliyezimikiwa na moto ni Mawenzi, na mwenye moto ni Kibo. Hapana mtu aliyeviona vilele hivyo vikiwaka, kwa kuwa ni zamani mno. Lakini hatukuweza kujizuia kutabasamu.

Mwalimu atakayependa kuifundisha ngano hii kwa ukamilifu twamshauri aiambatanishe na nyingine ya mlima huo huo, ile ya Wakonyingo, ambayo Dundas ameiandika. Hawa ni watu wafupi wakaao juu mlimani, wenye vichwa vikubwa hata hawathubutu kulala chali, maana akianguka mmoja hawezi kuinuka peke yake. Kwa hiyo hulala wameketi, na kila mtu hubeba baragumu ubavuni apate kuwaita wenziwe. Husaidia maskini na huwapa ng'ombe. Akaenda kwao mtu mmoja mhitaji, akadhani ni watoto. Akawaambia atangoja hapo hadi baba zao na kaka zao warudi. Wakamjibu: vema, ngoja. Akangoja mpaka jioni, njaa ikimuuma, na chakula kipo. Hatimaye akaelezwa kwamba hakuna baba wala kaka wengine, wao ndio wakubwa wenyewe. Akarudi mikono mitupu.

Hapa pana njaa tena, na mwombaji tena, ila kosa ni la ulimi. Mawenzi alijua kumwita mwenzake "ndugu yangu", akapata mara mbili. Huyu alimwita mzee mtoto, hakupata hata mara moja. Tuliziweka mbili hizi kando kwa kando muhula uliopita, na kwa mara ya kwanza somo la heshima za kuamkiana, ambalo kwa kawaida huwafanya wanafunzi wapige miayo, lilizua mabishano yaliyopita kengele. Wengine walishikilia kwamba mtu mwenye njaa hapaswi kupimwa kwa adabu zake. Wengine walisema njaa ndiyo hasa ipimayo. Msichana wetu wa Kigoma safari hii hakusema kitu.

Zoezi tulilowapa lilikuwa kuandika yale maneno ambayo Mawenzi angeyasema mara ya kwanza kama asingeona haya. Tulitazamia hotuba ndefu. Walio wengi waliandika sentensi moja, na wawili walileta karatasi tupu wakasema ndilo jibu lao. Tuliwapa alama baada ya kufikiri usiku mzima. Yule kijana wa nyuma hakulifanya zoezi. Aliandika swali badala yake: kama Kibo, alipokwisha kupiga, alirudi akaendelea kutwanga, na kama ndizi zile alizila. Tumelinakili katika daftari letu la maandalizi.